Dawati la Mbao za Mzee wa Mashine

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku mbovu. Mvua tangu alfajiri. Karakana inavuja palepale ilipovuja mwaka jana. Halafu kikao cha wazazi, ambako mwalimu mkuu ametangaza kwamba madawati ya darasa la mtihani yamekwisha. Yamevunjika yote! Kila mtahiniwa aje na lake. Asiye na dawati atafanyia mtihani sakafuni.

Wazazi walinung'unika. Mimi nilimtazama Cheche. Cheche ni fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yake inatazamana na yangu, ng'ambo ya barabara. Naye alikuwa ananitazama mimi. Akatabasamu. Alishapiga hesabu zake, yule! Madawati ya chuma!

Mwaka huu mpwa wangu ndiye anayefanya mtihani. Mtoto wa dada yangu, naishi naye tangu akiwa mdogo. Dada anaosha vyombo hotelini, mbali, na alishasema kwa simu bila kuzunguka: mtoto akifaulu, aendelee na shule. Akifeli, atakuja kumchukua wakaoshe vyombo wote wawili. Na mtoto ana kichwa! Hesabu anazifanya huku anachambua mboga. Akifaulu vizuri ataitwa shule ya bweni. Akifeli ataenda hotelini. Yaani vyovyote vile ataondoka, lakini hilo leo sitaki kulifikiria. Hivi sasa anahitaji dawati. Mimi ni seremala. Kazi ndogo kabisa.

Tatizo moja tu. Sina mbao.


Jumanne, 7 Oktoba

Nimeamka na wazo. Limesimama kwenye kona ya karakana, limefunikwa turubai. Jeneza la Mzee wa Mashine!

Niandike vizuri, nisije kusahau nilivyofikiri. Mzee wa Mashine, yule mwenye mashine ya kusaga nafaka, aliugua wakati wa baridi akakata tamaa. Akaniletea mbao zake mwenyewe, mbao ngumu alizozikausha darini miaka na miaka. Akasema nimtengenezee lake angali anaona, maana wanawe wakiachiwa watamzika kwenye maboksi. Nikatengeneza. Kazi safi, vishikio vya shaba. Nilipomaliza kupaka varnishi, mzee akapona! Tangu hapo kila Jumamosi huja kulitazama. Huligonga, husikiliza, huniambia nilitunze, kisha huondoka na fimbo kwapani.

Jana nimemwona akipanda kilima na ndoo ya maji mkononi, anapiga mluzi. Huyu hafi leo wala kesho.

Basi nitaazima mbao. Mtihani ukiisha, zinarudi zilipokuwa. Na ujanja wenyewe ni huu: sikati hata ubao mmoja. Sipaki gundi. Skrubu tupu! Nitapata dawati linaloweza kurudi kuwa jeneza asubuhi moja. Nani mwingine angewaza hivyo? Cheche? Umeme ukikatika na akili yake inazimika.


Alhamisi, 9 Oktoba

Dawati limekamilika. Zuri. Refu kidogo. Kwa kuwa sikukata mbao, limebaki na urefu wa mtu mzima, tena mtu mzima mrefu.

Mpwa wangu alilizunguka. Akauliza kwa nini lina vishikio ubavuni. Nikamjibu ni vya kubebea, na sikudanganya. Akauliza mbao zimetoka wapi. Nikamwambia asome, mtihani haumngoji. Akauliza tena kama ni mbao za Mzee wa Mashine. Huyu mtoto macho yake yanachosha! Nikamwambia mzee mwenyewe hana haraka nazo.

Aliitikia kwa kichwa. Amekuwa akiitikia kwa kichwa sana siku hizi.

Jioni nilipita dirishani nikamwona amefungua mfuniko, anaandika hesabu kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani. Karatasi zimeisha, kasema. Sikumkataza. Nilisimama pale mvuani nikajisikia baba wa mtu.

Faida ya pili, ambayo sijamwambia mtu: kamati ya shule inatafuta fundi wa kutengeneza madawati ya shule nzima. Watakuja kukagua wiki ijayo. Watakuta la mpwa wangu limesimama katikati ya vyuma vya Cheche. Nani ataangalia chuma tena?


Jumamosi, 11 Oktoba

Nilimsahau mzee. Leo Jumamosi! Amekuja kuona jeneza lake.

Bahati nilimwona tangu kwenye kona. Nilikusanya ngazi, pipa tupu na benchi la zamani, nikafunika turubai, nikavuta huku na huku mpaka likapata umbo. Akaingia, akanisalimu, akataka turubai litolewe. Nikasema nimepaka varnishi upya kwa heshima yake, bado mbichi, vumbi litaharibu kazi. Akafurahi. Lakini kugonga lazima agonge. Akagonga juu ya turubai, likalia pipa.

Mzee akaniangalia. Akasema sauti imebadilika. Nikasema ni unyevu, mvua hizi. Akagonga tena, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema ubao nao huzeeka kama mwenyewe. Kisha akaketi kwenye kigoda changu akazungumza muda mrefu kuhusu mkewe, kwamba wanawe hawatamwangalia, kwamba hapa kwangu ndipo mahali pekee kinapolala kitu chake bila kuibiwa.

Nilimpa chai. Sikuweza kunywa yangu.


Jumatatu, 13 Oktoba

Leo tumepeleka dawati shuleni. Aibu tupu!

Lilikuwa zito. Ilibidi nitafute wanaume wanne. Wakashika vishikio, wawili mbele, wawili nyuma, wakatembea kwa hatua moja. Sikuwaambia watembee hivyo. Vishikio vile vinamfanya mtu atembee hivyo! Kwenye duka la dawa wateja walitoka nje wakavua kofia. Mama mmoja alianza kulia, akauliza ni nani jamani, akaungana nasi nyuma. Tulipofika getini tulikuwa na msafara. Mlinzi alifungua geti lote na kuinamisha kichwa.

Mpwa wangu alitembea mbele, amekumbatia mkoba wake, kama mfiwa.

Darasani halikuingia kwenye mstari. Likawekwa nyuma, ukutani, peke yake. Watoto walinyamaza, halafu mmoja akacheka, na sote tunajua inavyokuwa mmoja akicheka. Kufika mapumziko walishampa jina. Wanamwita Marehemu.

Hakula chakula cha jioni. Nilimwambia majina ya shule hupita. Mimi mwenyewe waliniita Kobe mpaka nikaoa. Akauliza kwa nini basi mke wangu aliondoka akiniita hivyohivyo. Nikaenda kunoa patasi.


Ijumaa, 17 Oktoba

Wiki nzima mpwa wangu ameomba akae chini. Sakafuni! Nimekataa wiki nzima. Nimemwambia avumilie mpaka kamati ipite.

Kamati imepita leo. Nilivaa shati la harusi. Mwalimu mkuu alipapasa ubao, akasifu, akasema hajaona mbao kama zile tangu ujana wake. Moyo ulinijaa! Halafu mwenyekiti wa kamati akauliza kama naweza kutengeneza mengine kama hilo, ila mafupi. Nikasema naweza. Akauliza mbao ninazo? Nikasema zitapatikana. Akauliza zitapatikana wapi. Nilikohoa. Nikaendelea kukohoa. Kazi wamempa Cheche.

Cheche mwenyewe alinifuata mpaka karakana. Nilidhani amekuja kunicheka. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akasema amebakiwa na dawati moja la chuma, halina mwenyewe, nimpe mpwa wangu afanyie mtihani. Akasema binti yake anakaa mbele ya mpwa wangu na humsikia akivuta kamasi kimyakimya kila wakimwita lile jina. Akasema, jirani, ni mtoto tu.

Nilimjibu kwamba mpwa wangu hatakaa juu ya chuma chake maadamu mimi ni seremala. Nilisema kwa sauti. Nilipogeuka, mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji.

Akaitikia kwa kichwa.


Jumanne, 21 Oktoba

Nitaandika tu, sina nguvu ya kupanga maneno.

Mtihani umeanza leo. Mpwa wangu aliondoka kabla jua halijachomoza vizuri, amevaa sare niliyompigia pasi mwenyewe. Nikamtakia heri. Nikapaka siagi mkate wangu. Hodi! Wana wa Mzee wa Mashine, wote wawili, macho mekundu. Mzee amelala jana mzima, leo hakuamka. Maziko ni kesho asubuhi. Wamekuja kulichukua jeneza.

Mwana mkubwa akaenda kwenye kona, akashika turubai. Nilimdaka mkono! Nikasema bado kitu kidogo, kugusagusa tu, heshima ya mwisho kwa mzee, waje jioni. Wakanishukuru. Wakanishukuru!

Nilichukua bisibisi nikakimbia mpaka shuleni. Nilifika watoto wameshaketi. Msimamizi wa mtihani alikuwa mlangoni na bahasha zake, akanizuia. Nikamwambia ni msiba. Akatazama saa, akanipa dakika chache.

Mpwa wangu alikuwa amepanga kalamu zake mbili na rula. Nikainama, nikamweleza sikioni: mzee amefariki, mbao ni zake, maziko ni kesho. Nilitegemea atalia. Nilitaka alie, nadhani, nami nipate cha kufanya. Hakulia. Akainuka, akachukua kalamu zake na rula, akakinga viganja viwili. Sikumwelewa. Akasema, skrubu, Mjomba, zisipotee.

Nikafungua dawati pale, darasa zima likitazama. Kila skrubu ilipotoka akaipokea. Hakuna aliyecheka safari hii, hata yule aliyeanza siku ile. Nilipomaliza akanimiminia zote mfukoni. Kisha akaketi sakafuni, akakunja miguu, akaweka rula mbele yake.

Karatasi ya kwanza ilikuwa hisabati.

Mlinzi alinisaidia kupakia mbao kwenye mkokoteni. Nilipofika barabarani nilipishana na Cheche, anasukuma baiskeli, juu yake amefunga dawati la chuma. Kumbe nilipoanza kufungua skrubu binti yake alikimbia getini akamtuma mtu amwite. Hatukusalimiana. Nimesikia Cheche walimkatalia kuingia mpaka karatasi ya kwanza iishe.

Nimegonga na kukaza skrubu mchana kutwa. Jioni mpwa wangu alirudi, akasimama katikati ya kelele na daftari lake, akasema atalala kwa kina Cheche mpaka mtihani uishe, kule kumetulia. Nikasema sawa. Nilitaka kuuliza hisabati ilikuwaje. Nikauliza kama amekula.


Jumatano, 22 Oktoba

Tumemzika Mzee wa Mashine.

Jeneza lilipendeza, nisijinyime. Kila skrubu mahali pake. Watu walisifu. Mwana mkubwa alinishika bega. Nikaanza kuamini kwamba nimevuka.

Halafu wakalifungua ili watu wamuage. Mfuniko wakauegemeza ukutani. Upande wa ndani ukitazama waombolezaji.

Sikuupiga randa. Niliusahau! Uwanja mzima ukaona. Hesabu kutoka juu mpaka chini, kwa wino mzito, mwandiko wa mtoto. Kugawanya, sehemu, eneo la duara. Kisha mjukuu mmoja mdogo, aliyejua kusoma kwa shida, akasoma kwa sauti: saba mara nane, hamsini na sita. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa, akasoma tena: NITAFAULU NIONDOKE HAPA.

Wana wa mzee walinijia wote wawili. Nilirudi nyuma nikagota ukuta. Ndipo mjane akanyanyua mkono. Bibi mdogo wa umbo, sauti yake haikuwa kubwa, lakini walisimama. Akataka kujua ni mwandiko wa nani. Nikasema wa mpwa wangu, yuko kwenye mtihani sasa hivi. Nikasema yote, dawati, turubai, pipa. Mdomo wangu uliendelea wenyewe.

Bibi akautazama ule mfuniko muda mrefu. Akasema mzee wake hakuwahi kuketi darasani hata siku moja, alikuwa anahesabu magunia kwa vijiwe, na hilo lilimuuma mpaka uzee wake. Akasema usifutwe. Waufunge hivyohivyo, aende nazo hesabu. Kisha akalia, na watu wote wakalia, na mimi nililia kuliko wote, hata mtu asiyenijua akanipa leso.

Yale maneno ya chini nimeyafikiria njia nzima. Nadhani alimaanisha aondoke darasani. Darasa lenyewe lina joto.


Jumapili, 2 Novemba

Mpwa wangu amerudi nyumbani tangu mtihani uishe. Anapika, anafagia, anaitikia kwa kichwa. Kulikuwa na wakati alikuwa akinisimulia mambo ya shule mpaka namwomba anyamaze. Sasa naongea mimi. Leo nimemsimulia historia yote ya gundi ya mbao.

Dada alipiga simu. Nilimwambia mambo yamekwenda vizuri. Akaomba aongee na mtoto. Mtoto akachukua simu akatoka nayo nje, akafunga mlango.


Jumatano, 10 Desemba

Matokeo!

Amefaulu! Nilipiga kelele mpaka Cheche akazima mashine yake. Haendi kuosha vyombo. Dada amelia kwenye simu, amenishukuru, na nimekubali kushukuriwa.

Ila bweni hakupata. Masomo yote ameng'ara, lugha, sayansi, maarifa, yote aliyoyafanyia kwenye dawati la chuma la Cheche. Hisabati peke yake ndiyo imemwangusha. Mwalimu mkuu amesema haelewi, mtoto yule ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake. Mpwa wangu hakumweleza. Alikunja karatasi akaitia kwenye mkoba.

Kwa hiyo ataenda shule ya kutwa, ile ya nyuma ya kilima. Anabaki hapa, kwangu. Najua sipaswi kufurahi. Nilienda nyuma ya karakana nikafurahi kidogo, kisha nikarudi nikiwa na uso wa huzuni.

Shule ile nayo imetoa masharti: kila mwanafunzi mpya aje na meza na kiti. Cheche alikuja mbio kusema atavitengeneza, ni zawadi, binti yake na mpwa wangu watakuwa pamoja. Nimemwambia asihangaike. Mtoto ana mjomba fundi.

Tena safari hii mbao zipo. Bibi, mjane wa mzee, alikuja wiki iliyopita na mkokoteni. Ameleta zile zilizobaki darini, za mti uleule. Anataka jeneza lake lifanane na la mumewe, watakapolala pamoja. Akasema anaziacha kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyesema kweli mbele za watu, na mtu wa hivyo anaaminika. Akazipapasa, akaondoka kwa miguu, amejitwika kapu lake mwenyewe kichwani, anaimba.

Nimemtazama mpaka alipokata kona. Mgongo umenyooka. Meno yote yapo. Huyu hafi leo wala kesho.

Mpwa wangu aliniona nikipima. Alisimama mlangoni palepale. Akasema nisijisumbue, Mjomba, kukaa chini ameshazoea.

Mtoto mwenye adabu jamani! Hataki kunichosha. Nimeshatoa mbao mbili. Skrubu tupu, bila gundi.